Siyo Mvua Iliyomaliza Betri

Eli mwanangu,

Uko chumba cha pili unakunja nguo, na mimi niko huku nakuandikia barua kama vile umeshafika huko kwenye kazi yako mpya na mimi nimebaki. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Juzi nilianza, ukadhani nataka kuongelea blanketi. Jana nilianza tena, akaingia mtu kuulizia mashudu. Nimeona niandike, maana nikiandika hakuna wa kunikatisha, na mimi mwenyewe sitapata nafasi ya kugeuza maneno.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kuwaamkia wakubwa hata wale usiowajua, hayo sitayaandika. Unayajua, na mengine unayajua kunizidi.

Nataka kuongelea ile barua yako ya kuomba kazi. Ulinisomea mwezi uliopita, umekaa hapo mlangoni, mimi napepeta uwele. Uliandika vizuri. Uliandika kwamba umesomea umeme kwa sababu baba yako alifariki wakati mashine ya zahanati ilipokosa umeme, kwa kuwa jua halikutoka kijijini kwa siku tatu. Ulipofika hapo nilisimamisha ungo. Uliniangalia, ukafikiri namkumbuka baba yako. Nilikuwa namkumbuka, lakini siyo hilo lililonisimamisha.

Sentensi ile siyo kweli yote. Na aliyekupa ni mimi.

Ulikuwa kidato cha pili, unalala bweni, kwa hiyo yale ya mwanzo uliyasikia kwa vipande. Nitayaandika yote kwa mpangilio.

Watu wa mradi walipoleta zile paneli na kujenga kile chumba cha betri nyuma ya zahanati, walisema kwenye mkutano kwamba wanataka mwanamke ashike ufunguo, kwa sababu wanaume wanasafiri na mizigo ya vitunguu na alizeti. Wakataja jina langu. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyu? Huyu anaogopa hata kubadilisha betri za tochi." Lakini nilipokwenda mjini Singida kwa yale mafunzo ya wiki mbili, yeye ndiye aliyepika na kuchota maji, na niliporudi aliniita meneja. "Meneja, chai ipo?" Hivyo hivyo mpaka mwisho. Alikuwa na mtindo wa kuanika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu tena. Siku niliyorudi kutoka mafunzoni nilimweleza kwamba betri za namna hiyo hazijazwi na jua. Akasema, "Wewe tunza za serikali, mimi niachie zangu." Akaendelea kuzianika.

Umeme ule ulikuwa mdogo. Ulikuwa kwanza wa zahanati: taa, mashine ya kuchemshia vyombo, na ile mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu. Friji ya chanjo ilikuwa na paneli yake peke yake, haikuhusika. Uliobaki ulikwenda kwenye nyumba chache za karibu, taa mbili mbili. Fundi aliniambia jambo moja kubwa: betri zile hazitakiwi kuishiwa kabisa. Zikishuka mpaka kiwango fulani, kile kisanduku cha ukutani tulichokiita kontrola kinakata chenyewe, na hata kikikata, betri bado zina akiba ndani. Ukizinyonya ile akiba zinaharibika, na zikiharibika haziponi. Alinionyesha pia, bila kukusudia, namna ya kukiruka kisanduku. Alikuwa anapima, akachukua waya mfupi akaunganisha pembeni, umeme ukapita bila kuuliza. Nilimwona. Mimi nikiona kazi ya mikono mara moja siisahau.

Sasa, unajua jinsi tulivyoishi na moto hapa kwetu. Wewe mwenyewe umetumwa ukiwa mdogo, na kigae mkononi, kwenda kuomba kaa kwa jirani alfajiri. Na wao walikuja kwetu. Sijawahi kumwona mwanamke wa kijiji hiki akimnyima mwenzake kaa la moto, hata wale wasiosalimiana. Unampa kaa, jiko lako linabaki vilevile, na yeye anakwenda kuwasha lake. Mama yangu alinilea hivyo. Mimi nikauchukua umeme nikaufanya kama kaa. Mtu akija, "Mama Eli, nivutie taa moja tu, mtoto anajiandaa na mtihani," navuta. Mwingine, "Nichajie simu," nachaji. Nyaya zikawa nyingi. Sikuona kwamba kila ninayempa namkatia kutoka kwenye chungu kilekile kimoja. Nilifundishwa mjini kwa wiki mbili, lakini kwa mama yangu nilifundishwa miaka kumi na saba.

Ndipo akafariki bibi yao akina Shabani. Unamkumbuka yule bibi, aliyekuwa anatembea na fimbo ya mpingo. Yeye ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, kwenye godoro la nyasi, maana zahanati ilikuwa haijajengwa. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka zahanati, na ilikuwa na waya wetu. Ilikuwa masika, wingu limetanda tangu asubuhi. Watu wakajaa, wengine wakaja kutoka mbali hata Sepuka, wakalala pale chini ya maturubai, na mvua inanyesha.

Jioni ya kwanza, saa mbili hivi, taa zilikatika. Nilijua ni kontrola. Nilikuwa jikoni kwao pamoja na wanawake, tunasonga ugali kwenye yale masufuria makubwa.

Mama Shabani akaniita. "Mama Eli, taa."

"Kisanduku kimekata," nikamwambia. "Betri zimeshuka. Mpaka jua litoke."

Wifi yake, yule mwembamba wa Iguguno, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Jua litoke usiku huu? Kumbe kwenu linatoka usiku."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni meneja. Anauficha umeme usilowane."

Mama Shabani mwenyewe hakucheka. Alisema tu, "Basi, dada, tutakaa gizani na watoto hawa." Hakusema kwa ubaya. Kama angesema kwa ubaya ningeweza kukataa.

Nikatoka nje. Baba yako alikuwa na wanaume, akanifuata. Ninakumbuka alikuwa amevaa lile koti la mvua lenye mfuko uliochanika. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza.

"Zahanati ina mgonjwa?" akauliza.

"Hamna."

"Sasa?"

"Fundi alikataza."

"Fundi yuko mjini. Bibi yule ndiye aliyempokea Eli." Akavuta pumzi. Unajua pumzi yake ilivyokuwa, ina filimbi ndani. "Tangu lini nyumba yenye msiba ikanyimwa moto, Mama Eli?"

Sikuandikii hili ili nigawane kosa na marehemu. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Yeye aliongea kama mtu yeyote wa hapa angeongea, na hakujua kwamba kuna njia ya kukiruka kisanduku. Pengine alidhani nitakwenda kubonyeza kitu tu. Nilikwenda mimi, nikafungua chumba, nikawasha tochi nikaishika kwa meno, nikakata kipande cha waya, nikaunganisha pembeni. Taa za msiba zikawaka. Nilisikia watu wakishangilia kule, kisha wakakumbuka kwamba ni msibani wakanyamaza.

Nilipanga kuutoa waya ule asubuhi. Asubuhi kulikuwa na wingu. Nikasema mchana jua likichomoza kidogo zitajaa. Halikuchomoza. Usiku wa pili taa zikawaka. Usiku wa tatu zikawa nyekundu kama kibiriti kinachokaribia kuzima, na kabla ya alfajiri zikazima. Mimi nilikuwa nimelala pale pale msibani na wanawake. Nilijua maana yake. Nilijigeuza upande wa pili nikalala tena.

Asubuhi baba yako alibanwa. Alikuwa amekaa na ubaridi na moshi siku tatu, na pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha dawa tangu wiki ya nyuma, tulisubiri kuuza debe la alizeti ndipo tununue nyingine. Alitembea mwenyewe mpaka zahanati. Njiani alisimama mara mbili, mikono magotini. Nesi alimkalisha, akamvalisha kile kikombe cha mashine mdomoni, akabonyeza. Mashine ikaguna kidogo ikanyamaza. Akabonyeza tena.

Nesi aliniangalia. "Mama Eli, umeme?"

"Jua," nikasema. "Siku tatu hakuna jua."

Hilo ndilo nililolisema. Mume wangu amekaa mbele yangu anatafuta hewa, na mimi neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la kujikinga. Sijui kama baba yako alilisikia. Nadhani alisikia, maana aliniangalia, lakini mtu anayebanwa na pumu anaangalia kila kitu kwa namna ileile.

Tukapata pikipiki ya kumpeleka hospitali. Tulimweka katikati, mimi nyuma nimemshika. Unaijua ile mbuga ya udongo mweusi wakati wa mvua. Tairi lilijaa udongo, tukashuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka. Kabla ya daraja alinigonga paja kwa kidole, kama anayetaka kuulizia kitu. Nikasogeza sikio. Hakusema. Tulipofika darajani alikuwa ameshakwenda, na dereva alikuwa bado anaendesha, hajui. Nilimwacha aendeshe kidogo.

Nesi aliniambia baadaye kwamba hata mashine ingewaka, hajui. Amenieleza mara nyingi. Alisema baba yako alichelewa kuja, alisema moyo wake ulikuwa umeshachoka. Nimeyashika maneno hayo kwa miaka yote hii na nimeyatumia sana. Huenda ni kweli. Lakini mashine haikuwaka, kwa hiyo hakuna atakayejua, na aliyefanya tusijue ni mimi.

Msibani kwetu kila mtu alisema jua. Mchungaji alisema jua. Wewe uliposhuka kwenye basi na sare ya shule uliniuliza, "Mama, kwa nini haikuwaka?" Shangazi yako akajibu kabla yangu, "Jua lilikosekana, mwanangu." Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Siku ya nne, bado nimevaa kanga ya msiba, nilikwenda kwenye chumba cha betri nikautoa ule waya nikautupa chooni. Fundi alipokuja alipima moja moja, akasema, "Mama, hizi zimenyonywa mpaka mwisho. Kontrola ilikuwa inakata?"

"Ilikuwa inakata," nikasema.

Akaitazama kontrola, akanitazama mimi, akaona nimefiwa. Akaandika kitu kwenye karatasi zake akaondoka.

Zahanati ilikaa bila umeme mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Hili nalo hulijui. Wanawake walijifungua kwa tochi ya simu, nesi ameishika kwa mdomo kama nilivyoishika mimi. Siwezi kukuambia kwamba hakuna lililoharibika katika miezi ile, kwa sababu sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Walipoleta betri mpya, kijiji kikanipa ufunguo tena. Walinionea huruma, mjane. Ningeweza kukataa. Nilikubali, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mwanamke ambaye watu hawampendi. Nilikata nyaya zote zisizoandikwa. Mtu akija na simu namrudisha. Harusi ya mtoto wa mwenyekiti nilikataa kuwasha spika baada ya kontrola kukata, na mwenyekiti akaniambia mbele ya wageni, "Tangu mumeo afe umekuwa jiwe." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee." Wanawake waliacha kuja kuomba moto kwangu. Wananunua viberiti. Ulipokuwa unarudi likizo uliniuliza kwa nini hapa kwetu pamepoa. Nikasema watu wako shambani.

Nilijifunza kukataa, lakini nilichelewa kujifunza kukataa vizuri. Mwanzoni nilikuwa nasema hapana nafunga mlango. Kisha akafariki mtoto wa katekista, mvua vilevile, taa zikakatika vilevile, wakaja vilevile. Nikawaambia hapana. Lakini safari hii nilichukua kandili, nikajaza mafuta, nikabeba na kuni, nikaenda kukaa nao. Nilikaa siku zote tatu. Hawakunishukuru. Mama wa yule mtoto alinipa mgongo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu aliniomba nimsogezee maji. Asubuhi ile mwanamke wa kutoka vitongoji vya bondeni aliletwa zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, na taa ya chumba cha kujifungulia ilikuwa inawaka. Hakuna aliyeunganisha mambo haya mawili. Mimi niliyaunganisha, nikaenda kulala.

Mama Shabani hajui. Anakuja hapa kila wiki, ananiletea mlenda, leo asubuhi amekuletea wewe karanga. Sitamwambia, na wewe usimwambie. Yeye aliomba mwanga msibani kwake. Hakukosea.

Kwetu sasa nguzo zimefika, nyaya za gridi zinapita juu ya bati, na chumba cha betri wanahifadhia mbolea. Lakini huko unakokwenda wewe, kaskazini mwisho kabisa, ng'ambo ya mbuga, nguzo hazijafika na masika gari halifiki. Watakuwa na paneli, betri, na wewe. Umeniambia tatizo la huko ni dogo, paneli ni chache, utaandika maombi ziongezwe, na jenereta la dizeli la akiba. Andika. Ziongezwe. Ila nilipokusikia ukieleza niliona unapigana na mawingu. Unadhani mawingu ndiyo yaliyomchukua baba yako, na unajua hesabu ya kuyashinda. Mimi nilikuwa na hesabu hiyo pia, niliandikiwa kwenye daftari. Iliyonishinda ni sauti ya Mama Shabani aliposema "basi, dada."

Huko watakupenda. Ndivyo unavyopendwa popote, umemrithi baba yako. Watakuletea maziwa, watakuita mwanetu, watakupa mtoto wao umbebe. Na siku moja mmoja wao, siyo mtu mbaya, pengine yule utakayempenda kuliko wote, atakuja jioni ya mvua kukuomba kitu ambacho mkono wako unajua kukifanya. Sijui nikuambie nini kuhusu siku hiyo. Najua tu kwamba ukiifikia na hadithi ya jua, utakuwa peke yako. Ukiifikia na hadithi ya kweli, angalau utajua mama yako alisimama hapo hapo, na alifanya nini.

Nilifikiria kuitia barua hii chini ya begi, katikati ya shuka, uikute ukishafika. Nikaona hiyo nayo ni kama kuutupa ule waya chooni mara ya pili. Nikafikiria nikupe kesho pikipiki ikiwa imewashwa. Ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nitakuletea sasa hivi, kabla ya chakula, na sitatoka nyumbani. Isome yote. Ukitaka kuniuliza, uliza chochote, hata lile la kidole chake kwenye paja langu, nitajibu na sitanyamaza. Ukitaka kupiga kelele, piga. Kama ukimaliza hutaki niwe mtu wa kukusindikiza kesho, sema, nitamwomba kijana wa pikipiki aje mpaka mlangoni na sitasimama njiani kukupungia. Kama unataka kwanza kukaa kimya, kaa. Nitakaa na mimi, chumba hiki hiki, mpaka uwe tayari kuniangalia.

Ni mimi,
Mama yako